Usiweke fyuzi kubwa kabla ya kuufuata waya hadi mwisho wake

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema MGB yako ya 1972, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, inaunguza fyuzi ya nyaya za kijani kila ukipita kwenye matuta, na fundi kakwambia utie kubwa zaidi. Ukiitia, fyuzi haitaungua tena. Utaungua waya.

Mimi nilipewa ushauri huo huo na mtu anayeishi kwa umeme wa magari, nikamwamini. Usiku mmoja moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Nikazima swichi, moshi haukukoma, kwa sababu waya wa kijani ulikuwa umeyeyuka na kushikana na wa kahawia, na kwenye gari hili waya wa kahawia unatoka kwenye betri bila kupita fyuzi yoyote. Na betri ziko wapi? Mbili za volti 6, chini ya sakafu nyuma ya viti, na kifuniko chake kina skrubu. Hebu fikiria unahangaika na hizo skrubu gizani huku gari linafuka! Nilibadilisha wayaringi yote ya mbele.

Chanzo kilikuwa redio. Mmiliki mmoja wa zamani alichuna waya wa kijani, akasokotea wake wa waridi, akazungusha tepu, kisha akaupitisha kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Mtikisiko ukala ganda taratibu mpaka shaba ikagusa bodi. Fyuzi ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna shoti, na sisi tukaamua kuinyamazisha. Nilipomrudia yule mshauri, akasema magari ya zamani ndivyo yalivyo. Si kweli hata kidogo! Gari hili lilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, na nyaya zilizopangwa vizuri. Waya wa waridi uliofungwa kwa tepu ya maboksi haukutoka huko.

Tena angalia namba. Fyuzi ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, iliyoandikwa 35 inakatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni ampea 17 tu. Nyingi za siku hizi zenye namba hiyo hiyo hubeba 35 muda wote. Kwa hiyo inawezekana hata uliyonayo sasa ni kubwa mno.

Usinunue kitu chochote kabla hujafuata kila waya ambao si wa kiwandani, kutoka unapoanzia hadi unapoishia. Chomoa betri kwanza. Kahawia ni moto (una umeme) muda wote, nyeupe inatoka kwenye swichi, kijani ni ile nyeupe baada ya fyuzi, zambarau ni kahawia baada ya fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani unarudi kwenye bodi. Waya unaobadilika rangi katikati ya safari ni wa fundi fulani, na kila palipo na tepu pafunguliwe. Usiseme huu unaonekana mzima. Wangu nao ulionekana mzima.

Mengine uliyoyataja, kabureta na milango isiyofunga, yasubiri tumalize nyaya.

Ukishang'oa nyaya zote za ziada, rudisha fyuzi sahihi na upite kwenye matuta yale yale. Ikiungua tena, leta picha ya kisanduku cha fyuzi, mbele na nyuma, tuitazame pamoja.