Ua la Mlima Kilimanjaro: litaota kando ya mfongo?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kiko Kibosho juu. Chini ya migomba, kando ya mfongo (mfereji wetu wa asili wa kumwagilia), udongo haukauki mwaka mzima na maua ninayonunua yote yanaoza. Nilipopita msituni njia ya Marangu niliona ua dogo jekundu lenye mkia uliojikunja. Naweza kuchukua mche nikapande pale?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa maelezo yako hilo ni *Impatiens kilimanjari*, ua ambalo kwa asili haliko popote duniani isipokuwa mlima huu wetu. Kwa hiyo la msituni liache. Pale ni ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kung'oa mmea bila kibali ni kosa. Tafuta mwenye kitalu anayelikuza tayari, akuonyeshe mche mama anaokatia vipandikizi.

Baridi ya Kibosho inalifaa. Moshi mjini joto lingelisumbua. Kazi yako iko kwenye maji. Ua hili linataka unyevu wa kudumu, lakini maji yawe yanapita. Yakituama, mizizi inakosa hewa na shina, ambalo ni laini na limejaa maji, linaoza kuanzia chini. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji jioni. Ukiyakuta bado asubuhi, usipande hapo kabla ya kuinua tuta la sentimita 20 hivi, lenye mboji na mchanga wa mto wa kutosha. Kivuli cha migomba kinatosha kabisa, usikipunguze.

Kipandikizi kiwe na urefu wa sentimita 10, kikatwe chini kidogo tu ya kifundo, pale jani linapotokea kwenye shina, maana mizizi huanzia hapo. Ondoa majani ya chini na maua yote, kisha kisimike kwenye mchanga mbichi kivulini. Mimi napendelea mchanga kuliko glasi ya maji. Mizizi iliyotoka majini hukatika ovyo wakati wa kuhamisha.

Kama unalo *Impatiens pseudoviola*, lile dogo la waridi hafifu, liweke mbali. Hizi mbili huzaana, na mbegu zitakazodondoka zitakuotea machotara. Na tunda likiiva hupasuka kwa kuguswa tu, mbegu zikaruka, hivyo ukizitaka livishe kifuko cha chandarua likiwa bado la kijani. Wiki za kwanza pita na tochi usiku uokote konokono, hasa wakati wa masika.