Ukiota umbo au namba, lichore kabla hujatafuta maana

Nafundisha hisabati, na nina daftari la ndoto kando ya kitanda. Wanafunzi huniuliza kama namba za ndotoni zina maana. Naamini zinayo, ila haimo kwenye vitabu vya kutafsiri ndoto, na tafadhali usizipeleke kwenye kubeti.

Mtu anayenifundisha zaidi katika hili ni Wolfgang Pauli. Mwaka 1925 mwanafizikia huyu alionyesha kwamba namba tatu za kwanta, yaani namba zinazoeleza hali ya elektroni ndani ya atomu, haziitoshelezi elektroni. Inahitaji ya nne. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa hoi, akamwendea daktari wa akili Carl Jung huko Zurich, Uswisi. Ndoto zake zilijaa duara, miraba, na mvutano wa tatu na nne. Katika ono moja aliiona saa ya ajabu: visahani viwili, kimoja kimesimama na kingine kimelala, vyenye kitovu kimoja na mapigo matatu. Ilimletea utulivu mkubwa. Jung alishikilia kwamba namba ni njia ambayo akili ya ndani, ile tusiyoitambua, hutumia kupanga vurugu.

Kwa hiyo ukiamka, chora. Hesabu pande, weka alama panapokatika, andika tarehe na jambo linalokusumbua siku hizo. Maana iache kwanza. Mimi hujiwa na mraba usiofunga kona moja kila ninapokuwa nimeacha hesabu njiani, na nisingeligundua hilo bila michoro ya miezi mingi.

Usitegemee ndoto ikufanyie kazi usiyoianza. Hata mawazo ya ghafla ya mchana ni hivyo: mwanahisabati Henri Poincaré alipata wazo kubwa akipanda gari la abiria huko Coutances, Ufaransa, lakini alikuwa ameshahangaika nalo mezani kwa muda, na aliporudi Caen alilihakiki kwa kalamu.

Na ndoto zikikunyima usingizi, mtafute mshauri asiyekimbilia tafsiri. Jung mwenyewe hakumchukua Pauli mara moja. Alimkabidhi kwanza kwa mwanafunzi wake, Erna Rosenbaum, ili ndoto zile zisije zikafuata mawazo yake yeye Jung.