Kuomba lifti kwenye A7, Ujerumani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kusimama kando ya A7, barabara kuu ya magari ya kasi, ukaomba lifti kutoka Hamburg hadi Ulm. Hairuhusiwi, kwa kuwa sheria ya Ujerumani inawakataza waenda kwa miguu kuanzia kwenye kibao cha buluu kinachoonyesha mwanzo wa barabara hiyo. Panapofaa ni kwenye vituo vya mapumziko vyenye pampu za mafuta, ambako unaweza kumsogelea dereva kwa adabu akishamaliza kulipa. Zitazame kwanza herufi za mwanzo za namba ya gari, zinazoonyesha liliposajiliwa: miji iliyo njiani ni KS, yaani Kassel, na WÜ, yaani Würzburg, na UL ndiyo Ulm, ingawa gari huenda linatoka kwao badala ya kurudi. Usikubali kushushwa mjini. Afadhali uteremke kituo cha mwisho kabla dereva hajaiacha A7.