Stata inazunguka kivivu na betri ni mpya

Kaka, usikimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini ili iwake). Umesema betri ni mpya lakini asubuhi injini inazungushwa kwa uvivu, "nyau… nyau…", basi anza na waya. Chukua mita ya umeme, weka volti za DC, mkono mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa bodi (unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na bodi) haupitishi umeme vizuri. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Rudia hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi nati kubwa ya stata. Magari mengi niliyoona yaliponea hapa hapa.

Waya zikiwa salama, pima betri yenyewe wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu (mpya si lazima iwe nzima) au stata inakula umeme mwingi kwa sababu bushi (vishikizo vya shafti) zimelika na amecha (sehemu inayozunguka ndani) inasugua. Ikibaki juu ya 11 na bado inazunguka kivivu, makaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha) yamekwisha au komuteta (sehemu ya amecha yanapogusa makaboni) imechafuka.

Makaboni na bushi hubadilishwa, huhitaji kununua stata mpya. Ila kabla ya kuishusha stata, toa waya wa hasi kwenye betri. Spana iliyo kwenye nati ya chanya ikigusa bodi utaona cheche za ajabu!