Roboti ya ukubwa wa mende: mashine haipunguzwi kama picha

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dodoma. Nimeunda roboti ya miguu sita yenye urefu wa sentimeta 20, na inatembea vizuri. Sasa nataka iwe na sentimeta 2, kama mende, ili ipenye kati ya magunia ya mahindi katika maghala ya Kibaigwa na kugundua sumukuvu mapema. Nimepunguza mchoro wote mara kumi, lakini mota ndogo nilizofunga hazisogezi miguu. Kuna muuzaji mtandaoni mwenye seti ya "roboti mdudu" iliyo tayari, kwa bei inayokaribia ada yangu ya muhula. Je, niinunue, au mchoro wangu una kosa?

JIBU: Marahaba. Seti hiyo usiinunue. Mchoro wako nao hauna mstari uliokosewa. Kilichokosewa ni imani kwamba mashine hupunguzwa kama picha. Imani hiyo nimeikuta kwa wanafunzi wengi wenye bidii, na inaniuma kwa sababu huwala miezi mingi na fedha za wazazi wao kabla hawajaniuliza.

Ukipunguza urefu mara kumi, eneo hupungua mara 100, na ujazo, pamoja na uzito, hupungua mara 1,000. Uzito uliokusumbua katika roboti ya kwanza sasa karibu hauhesabiki, na mahali pake panashikwa na nguvu zinazofuata eneo: msuguano wa ekseli, umeme tuli, na unyevu unaogandisha vipande viwili vilivyogusana. Mota ya sumaku huumia zaidi, kwa kuwa nyaya zake zikiwa nyembamba kiasi hicho haziwezi kupitisha mkondo mkubwa bila kuungua, na nguvu inayozalishwa hushuka upesi kuliko msuguano unaopaswa kushindwa. Mota zako ni nzima. Zinamaliza nguvu zao zote katika kujizungusha zenyewe.

Wapo wanaonijibu kwamba sisimizi huburuta punje iliyo nzito kuliko mwili wake, hivyo lazima ana siri fulani ya kuigwa. Hana. Nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, ilhali uzito hufuata ujazo, kwa hiyo kila kiumbe mdogo hupata nafuu hiyo kwa udogo wake tu. Mkuze sisimizi huyo huyo afikie ukubwa wa mbuzi, na miguu yake haitambeba.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwenye mguu mmoja wa milimita 12. Niliuunga kwa pini na tundu, kama nilivyozoea katika mashine kubwa. Asubuhi ulicheza vizuri, mchana ukakwama. Nilipouweka chini ya hadubini niliona chembe moja ya vumbi letu jekundu, ambayo macho matupu hayaioni, imekaa kati ya pini na tundu kama jiwe lililonasa katika bawaba ya lango. Mguu ninaoutumia sasa hauna pini kabisa: bawaba yake ni utando mwembamba wa plastiki uliobanwa kati ya vibamba viwili vya nyuzi za kaboni, nao hukunjwa kama karatasi, bila sehemu zinazosuguana wala tundu la kuingiza vumbi.

Njia hiyo ya kukata na kukunja ndiyo iliyotumiwa na Robert Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika mdudu wao wa kuruka aitwaye RoboBee. Mwaka 2013 walionyesha akiruka kwa kuongozwa, akiwa na uzito wa takriban miligramu 80, mabawa yakipiga mara 120 kwa sekunde kwa vipande vya kauri vinavyopinda vinapopewa umeme. Umeme wenyewe, hata hivyo, ulitoka mezani kwa waya. Mwaka 2019 ndipo toleo la miligramu 259 liliporuka bila waya, kwa vibamba vya sola, chini ya taa zenye mwanga wa karibu mara tatu ya jua, na kwa muda usiofika sekunde moja. Betri ndiyo inayokwamisha kazi hii: kilo moja ya mafuta ambayo mdudu hai hubeba mwilini ina nishati ya takriban mara arobaini ya ile iliyo katika kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu.

Kuhusu mende, somo lake si udogo. Mwaka 2016 Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mende hupita katika ufa wa milimita 3 kwa sababu magamba yake hubonyea na miguu yake hutanuka pembeni, naye huendelea kukimbia huku amebanwa. Roboti waliyoiunda kwa kanuni hiyo ilikuwa na ukubwa wa kiganja! Basi nenda Kibaigwa na rula, upime nafasi zilizopo kati ya magunia, kisha uamue kama sentimeta 2 zinahitajika kweli.

Ukiwa huko, mtazame mnunuzi anavyochoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli ya punje kutoka ndani. Roboti inayotambaa nje ya gunia haiwezi kuiona sumukuvu, ambayo hukaa katika punje chache zilizotawanyika, na hujulikana kwa kuchukua sampuli nyingi, kuzisaga na kuzipima. Inachoweza kukupa ni joto na unyevu wa hewa, dalili za mahali kuvu watakapoota. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo usimwambie mkulima yeyote kwamba kifaa chako kimethibitisha mahindi yake ni salama.

Hapo ndipo wauzaji wa seti hizi wanaponikasirisha. Katika maonyesho fulani ya kilimo nilimsikia mmoja akiwaahidi wakulima wa alizeti nyuki wa bandia watakaochavusha shamba zima kwa betri, siku nzima, huku akiwaonyesha video tu. Mkulima akimwamini, ataacha kutunza mizinga aliyonayo, na nyuki wa kweli hawarudi kwa siku moja. Kabla hujatoa hata shilingi, itazame video yake polepole na uutafute waya unaoshuka mezani. Usipouona, muulize betri ina uzito wa miligramu ngapi na roboti iliruka sekunde ngapi, kisha umtake aiwashe mbele yako, nje, kwenye upepo wa saa nane mchana.