Kwa nini mdororo wa uchumi wa 2008 uliuma kuliko wa 2001

Ni deni, hasa. Mwaka 2001 kule Marekani hisa za kampuni za intaneti zilikuwa zimeporomoka, lakini hasara kubwa iliwaangukia wenye hisa. Mdororo ukaisha kwa miezi 8. Ule wa 2008, ambao hasa ulianza Desemba 2007, ulichukua miezi 18, maana nyumba zilizoshuka bei zilinunuliwa kwa mkopo, na benki zenyewe zilikuwa zimekopa ili zikopeshe. Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ilipoanguka Septemba 2008 benki zikaogopana, mikopo ikakauka, na ukosefu wa kazi ukafika asilimia 10 Oktoba 2009.

Mimi ni mweka hazina wa sacco hapa Kampala, haya nayaona daftarini. Soko likilala, mama wa mitumba pale Owino aliyenunua belo kwa pesa yake anapunguza bei na kusubiri. Aliyelikopea rejesho linamshinda, mdhamini wake anabanwa, na sisi tunasita kumkopesha hata asiye na kosa.

Ila deni si yote. Mdororo wa 2020 ulikuwa mkali mno, lakini Marekani ulidumu miezi 2 tu. Serikali ilimwaga pesa haraka.