Ngozi kavu na inayowasha: anza na sabuni, losheni baadaye

Kila ukiingia mwezi wa sita meseji zinaanza kumiminika, dada we unapaka nini, mi huku Mafinga nimepauka kama nimetoka mashine ya kusaga, kila losheni nikijaribu inawasha. Jamani nawaelewa. Mi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto na jasho, mafuta nilikuwa napaka kwa mazoea tu, nilivyohamia Iringa ndo nikajua ngozi kavu ni kitu gani. Huku kipupwe kikishaingia na ule upepo, miguu inapasuka mistari mistari, viganja vinakwaruza, uso ukiupaka chochote chenye harufu unawaka moto. Mi sio daktari, ila nimeishi na hii ngozi miaka mingi na nimesoma nyuma ya chupa nyingi kuliko vitabu.

Sasa mtu akiniuliza losheni mi namuuliza sabuni. Unaogea nini? Na jibu karibu kila mara ni sabuni ya dawa, ile ya kuua vijidudu, au sabuni ya mche ileile ya kufulia maana eti inatakatisha. Hapo ndo shida ilipo, unaweza kununua losheni ya elfu hamsini na bado ukapauka, kwa sababu unachopaka asubuhi unakikwangua jioni. Sabuni ya kipande, hata iwe ya bei mbaya na boksi zuri, ni alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inacheza kwenye 9 mpaka 10, wakati ngozi yako ni asidi kidogo, kama 5 hivi. Ukijisugua nayo kila siku inaondoa mafuta ya asili yanayoshikilia maji ndani ya ngozi, na ule mkazo unaousikia usoni ukitoka bafuni, ambao wengi tumelelewa tukiamini ndo usafi wenyewe, ni ngozi imeshavuliwa mafuta yake.

Na hilo la vijidudu lisikutishe. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walipiga marufuku triclosan (dawa ya kuua vijidudu) na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kunawia na kuogea za watu wa kawaida, sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kwa hiyo unaikausha ngozi bure.

Kuna vipande ambavyo vinafanana na sabuni ila sio sabuni. Geuza boksi usome. Ukikuta mwanzoni wameandika sodium palmate, sodium tallowate, sodium palm kernelate, hiyo ni sabuni kamili. Ukikuta sodium lauroyl isethionate au sodium cocoyl isethionate ndo ya kwanza, hiyo ni ya upole zaidi, Dove ya kipande iko kundi hili, tafuta ile isiyo na harufu. Kama hela haitoshi, na mara nyingi haitoshi, basi sabuni iishie kwapani, kwenye kinena na miguuni, mikono na mapaja na mgongo pitisha maji tu kama hujashinda shambani au gereji. Maji yawe ya uvuguvugu. Najua Iringa mwezi wa saba hamna mtu anataka kusikia hivyo, ila maji ya moto yanakausha vibaya sana. Na dodoki liweke likizo.

Haya, losheni. Juzi nilikuwa kwenye duka moja la vipodozi hapa mjini, mdada muuzaji mcheshi kweli, ameshafungua kopo ananisogezea puani, "dada nusa hii, ya ngozi sensitivu, inatoka sana." Inanukia stroberi mpaka unatamani kuramba. Nikamwambia mdogo wangu, nisomee hapo nyuma, tukasoma wote: maji, glisirini, halafu katikati pale "parfum", yaani manukato. Akacheka, akasema mbona mbele wameandika ya ngozi laini. Ndo hivyo, mbele wanaandika wanachotaka. Hata hilo neno "hypoallergenic", yaani eti haileti aleji kirahisi, linalotupumbaza wote, Marekani kwenyewe halina kiwango cha kisheria, kampuni inalitumia inavyoona yenyewe inafaa. Ukweli uko nyuma, kwenye yale maandishi madogo.

Na yale maandishi yana utaratibu, viambato vinapangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, vile vilivyo chini ya asilimia 1 ndo vinaweza kuchanganyika vyovyote. Kwa hiyo losheni inayojisifu ina shea halafu shea yenyewe imekaa mkiani baada ya vihifadhi na harufu, hiyo shea ni ya kwenye picha tu. Mi natafuta glycerin iwe juu juu huko, petrolatum (ndo mafuta ya mgando) au dimethicone (aina ya silikoni), na ikiwa na ceramide nashukuru, sababu ceramide ni aina ya mafuta ambayo yako kwenye ngozi tayari na ngozi kavu inakuwa nayo machache. Ninachokikwepa ni parfum au fragrance, linalool na limonene (hizo ni harufu tu zimeandikwa kwa jina), alcohol denat (spiriti) ikiwa juu, na methylisothiazolinone, kihifadhi ambacho Ulaya wamekikataza tangu 2017 kwenye vitu vya kupaka na kuacha mwilini. Usichanganye hapo, cetyl alcohol na cetearyl alcohol sio spiriti, hizo zinalainisha, usirudishe chupa nzuri dukani kwa sababu ya jina. Na "unscented" (hainukii) sio sawa na "fragrance free" (haijawekwa manukato), ya kwanza inaweza kuwa na harufu ya kuficha harufu. Tafuta ya pili.

Wapo wataosema CeraVe na Cetaphil. Ni nzuri, sibishi, ila bei yake huku kwetu inaumiza na feki hazikosi, mi nikinunua nanunua famasia sio kwa mtu kaweka meza barabarani. Ila siku nyingi natumia mafuta ya mgando. Yale yale, yasiyo na harufu, sio ya watoto ya rangi ya pinki. Hayaongezi maji ila yanazuia yaliyopo yasitoke, na kwa kazi hiyo sijaona cha kuyazidi, kwa hiyo siri iko kwenye muda: unatoka kuoga, unajikausha juu juu kwa kugusagusa na taulo, ngozi bado ina unyevu, hapo hapo unapaka. Ukisubiri mpaka umevaa na chai umekunywa, umefungia ukavu. Glisirini nayo matone machache kwenye kiganja chenye maji kisha mgando juu yake, ndo dawa yangu ya kipupwe. Glisirini tupu bila maji inanata na wengine inawawasha. Ile iliyochanganywa na maji ya waridi iacheni kama ngozi yenu ina maneno, waridi nalo ni harufu.

Kuhusu mafuta ya jikoni, hapa wakina mama watanigombeza. Mafuta ya zeituni tunayowapaka watoto, utafiti wa chuo cha Sheffield Uingereza uliotoka 2013 uliwapakia watu wazima zeituni na alizeti wakalinganisha, zeituni ikadhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi na wengine wakawa wekundu, alizeti haikuudhuru na ikaongeza unyevu. Mi alizeti ya Singida naipenda ila ile isiyochujwa vizuri utashinda unanukia maandazi, mjue kabisa. Magaga ya miguu ni habari nyingine, hapo ulizia krimu yenye urea, asilimia 5 mpaka 10 kwa mwili, 20 na kuendelea kwa visigino, ila usiweke kwenye mpasuko ulio wazi, utaita majina yote ya mababu.

Kitu kipya chochote usikimbilie kupaka usoni kabla ya harusi ya mtu. Paka kwenye kikunjo cha kiwiko, sehemu ndogo, mara mbili kwa siku, siku 7 mpaka 10, kwa sababu aleji nyingi hazitokei siku hiyo hiyo. Na kimoja kwa wakati, ukianza sabuni mpya na losheni mpya na spreyi mpya wiki moja halafu ukatoka vipele, utamlaumu nani?

Alaf kuna hii krimu inayofanya ngozi iwe nyororo ndani ya siku tatu. Zikimbieni. Kikopo hakina lebo, mchanganyaji anasema ni siri yake, mara nyingi mle ndani kuna clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi, dawa ya daktari, zinatuliza kweli ila ukizipaka kiholela ngozi inakuwa nyembamba, ukiacha inalipuka kuliko mwanzo. Mkorogo ndo usiseme. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, kitu hakina jina la mtengenezaji wala tarehe kiacheni hapo hapo.

Shuka na nguo za ndani zisuuzwe mara mbili, ule unga wa sabuni ukibaki unawasha usiku kucha. Sweta ya sufu vaa juu ya fulana ya pamba.

Ikiwa inachuruzika maji, inapasuka na kutoa damu, au mtoto halali kwa kujikuna, hiyo inaweza kuwa pumu ya ngozi, nenda kwa daktari wa ngozi, walio kaskazini wana kituo kizima cha ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi. Na ukienda beba kila unachotumia kwenye mfuko, losheni, mafuta, sabuni yenyewe hata kama ni kipande kilichobaki, maana ukiulizwa utasema natumia losheni ya kawaida tu na daktari hawezi kusoma lebo iliyobaki nyumbani.